Nusu Kikombe

Saa nane usiku simu inanguruma juu ya ndoo.
Mke wa Leodgar. Hasalimii.
"Anaona sisimizi ukutani. Anawafagia kwa mkono."
Navaa suruali gizani, nabeba chupa ya uji,
mlinzi wa karakana ananiuliza, "Kasiani, tena?"
Tena.

Keko Magurumbasi imelala juu ya maranda yake.
Vitanda visivyo na watu vimepangwa kandokando ya njia,
makochi yamefunikwa nailoni.
Kochi moja la namna hiyo niliwahi kulilalia, nikaliharibu,
nikakatwa mshahara wa wiki mbili.
Sikumbuki. Niliambiwa.

Kwa Mama Bonge, nyuma ya reli, nilikuwa na ukurasa wangu
katika daftari la mkopo,
jina limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu:
elfu arobaini na sita na mia tano.
Deni hilo nililimaliza. Ukurasa ukachanwa,
nikatembea nao mfukoni kama cheti cha kuzaliwa.

Havijawa sikumlipa.

Havijawa, mpika uji wa stendi ya Tandika,
aliyeacha pombe kabla mimi sijajua kuwa inaachika,
alinikuta mtaroni, Mtoni,
akanipangusa matapishi kwa kanga yake mwenyewe.
Ilikuwa na maneno, ile kanga. Herufi zilicheza, sikuyasoma.
Alikaa nami siku tatu.
Hakunihubiria, hakuniuliza nilianzaje.
Alinimiminia uji nusu kikombe
nami nikadhani ni uchoyo.
"Kikijaa utajimwagia," akasema, "utaona haya,
na haya ndiyo inayorudisha watu kilabuni."

Nilipopata kazi nilimpelekea doti ya kanga,
noti nimezikunja ndani.
Kanga akapokea. Noti akanirudishia.
"Na mimi nilikunywa uji wa mtu,"
akasema, akaendelea kukoroga.
Sasa amerudi kwao Kilwa. Namba yake haipatikani.

Basi nabeba chupa.
Msinisifu. Kuna usiku naitazama simu ikilia
na kuomba ikatike.
Wa kwanza niliyemsaidia aliniibia randa.
Wa pili alikuwa anaona paka darini;
nilimpikia, nilimfunika, nilijifanya Havijawa,
tukafika Temeke tumechelewa.
Nilishika upande mmoja wa jeneza, 
upande wenye msumari niliougongomea mwenyewe.
Tangu siku hiyo, mtu akiona visivyoonekana
sipiki kitu. Naita bajaji.

Leodgar tulimbeba watatu: mimi, mkewe, dereva.
Alimtukana daktari, akamwita shemeji, akalala.

Siku ya nne nikaenda wodini.
Njiani nilipita kwa Mama Bonge.
Si kwa makusudi. Haya, kwa makusudi.
Mwaka wa tisa huu, na pua bado inaijua ile harufu
kama mbwa ajuavyo hatua za bwana wake.
Nilisimama muda wa kufunga kamba za viatu,
na nilikuwa nimevaa ndala.
"Kasiani!" akaita, anacheka, hana ubaya,
"daftari lina nafasi!"

Nikafika kitandani kwa Leodgar, nikafungua chupa.
Mkono wangu, huu unaonyoosha ubao bila rula,
ulianza kucheza.
Uji ukagonga ukingo wa kikombe, ukamwagikia shuka la serikali.
Nikasema mfuniko umelegea.

Leodgar alinitazama.
Mpira wa dripu ulining'inia mkononi mwake,
midomo imepasuka, macho ya njano, lakini yametulia,
macho ya mtu aliyekwisha kuwahesabu sisimizi wote
na kubaini kuwa hawakuwapo.
Hakuniuliza nimetoka wapi.

"Mimina nusu," akasema.

Nikamimina nusu, akanywa.
Nikamimina nusu nyingine.
Nikanywa.